Pacha bora ya Simba? Nionyeshe daftari kwanza

Najua nimepotea. Kazi za gazeti ndivyo zilivyo, unaandika za watu mpaka za kwako zinaota ukungu. Leo nimerudi na hasira, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe ni juu yangu mimi, kwa hiyo mwenye kutaka kunitukana asubiri kidogo nijitukane kwanza, halafu tutagawana kitakachobaki.

Yote yameanzia kwenye ukurasa mmoja. Ligi ilikuwa imesimama kupisha mechi za timu ya taifa, habari hakuna, na mhariri akasema kile ambacho wahariri wa michezo husema kisima kikikauka: "Tutengenezee kitu cha kumbukumbu." Kitu chenyewe kilikuwa pacha kali za washambuliaji wa Simba wa miaka yote. Tano bora, picha, mabao yao, ukurasa mzima, saa kumi jioni kiwe mezani. Hapo ilikuwa saa saba na nusu na sijala.

Mimi ni Simba. Gazetini naficha, hapa sifichi. Kwa hiyo nilifurahi kama mtoto aliyetumwa dukani kununua pipi zake mwenyewe. Nikakimbilia kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, mahali ambapo ukitaja jina la mshambuliaji yeyote aliyewahi kuvaa jezi nyekundu utapewa kikombe cha kahawa na ugomvi wa saa mbili. Nikauliza swali langu. Ee Mungu wangu! Mzee mmoja akasema Kibadeni na Masimenti, na baada ya hao hakuna. Mwingine akamwambia wewe huna macho, ni Thuweni na Kulagwa. Kijana mwenye duka la vifaa vya simu akaingilia kati, akasema nyie wazee mnatuchosha, pacha ni Okwi na Sunzu, muulizeni mtani mwaka 2012. Mwingine akataja Okwi na Bocco. Akazomewa. Nikaandika majina yote, nikarudi ofisini.

Majina ninayo, picha ninazo. Mabao sina.

Nikampigia simu mzee mmoja anayeijua Simba ya zamani kuliko anavyoijua nyumba yake. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikamweleza shida yangu. Nikamtajia pacha mojawapo ya zamani nikamuuliza, mzee, hawa wawili kwa pamoja walifunga mangapi kwa msimu? Akanyamaza kama sekunde tatu, akanitajia idadi. Namba safi, haina "kama" wala "takriban". Nikaiandika. Ikachapwa kwa herufi nene katikati ya ukurasa, chini ya picha yao.

Siku nne baadaye nipo kwenye daladala, nasikia mtangazaji wa redio moja anaisoma namba ileile. "Kwa mujibu wa takwimu," anasema. Kwa mujibu wa takwimu! Nikahisi tumbo linanicheza. Nilishuka kituo kisicho changu nikampigia mzee tena. Nikamuuliza ile idadi aliipata wapi, labda ana kitabu, labda ana magazeti ya zamani ndani ya sanduku. Akacheka kicheko kirefu cha mtu asiye na kosa. "Sasa mwanangu, wewe uliniuliza walifunga mangapi. Ulitaka nikujibu sijui? Mtu mzima mimi?"

Ile namba sitaiandika hapa, imeshatembea vya kutosha. Mtu akija kukuambia pacha fulani ya Simba ya miaka ya 70 ilifunga mabao kadhaa kwa msimu, na akaitaja namba hiyo bila kumeza mate, ujue amelishwa na mimi. Naomba radhi. Lakini nikishaomba radhi nitaendelea kusema, kwa sababu nina hakika mimi si wa kwanza, na nikitazama kurasa nyingi za kumbukumbu ninazozisoma naona vidole vya wenzangu.

Tuanze na wazee, maana wao ndio waliodhulumiwa zaidi. Julai 19, 1977, Simba iliifunga Yanga 6-0. Hilo halina ubishi, hata Yanga wenyewe wanalijua, wanachofanya ni kubadilisha mada. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe. Miaka miwili baadaye, 1979, kwenye Klabu Bingwa Afrika, Simba ilichapwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers. Watu wakaandika rambirambi. Timu ikapanda kwenda Zambia ikashinda 5-0 na kusonga mbele. Thuweni Ally matatu, George Kulagwa mawili.

Umeona? Matatu na mawili. Matatu na mawili. Pacha mbili tofauti, ndani ya miaka miwili, kila moja imebaki kwenye vichwa vya watu kwa dakika 90. Hizo ndizo tunazoziimba kila siku, na ni za kuimbwa kweli, sibishi. Kupindua 4-0 ugenini, mbele ya watu wanaokuzomea kwa lugha usiyoijua, si jambo la kawaida hata leo kwa timu zenye ndege na madaktari. Lakini hawa watu hawakucheza mechi moja moja! Walicheza ligi. Walisafiri kwa mabasi, walifunga Tanga, walifunga Mwanza, walikosa mabao ya wazi, walinuniana, walipatana. Siku ya Jumatano moja isiyojulikana Kibadeni alimpa Masimenti pasi ambayo pengine ilikuwa bora kuliko zote za Julai 19. Iko wapi? Kijiweni hakuna aliyenitajia hata mechi moja ya pili. Nilibana, nikasema haya wazee wangu, tuache ya Yanga, nipeni bao jingine la hao wawili. Kimya. Mmoja akaagiza kahawa nyingine. Na hii ni Simba ileile ya miaka ya 70 iliyofika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974, si timu ya mchangani.

Sasa njoo kwa vijana, maana msidhani nawaonea wazee. Mei 6, 2012, tulimfunga mtani 5-0. Nilikuwa na miaka 14, nasikiliza redio ya simu ya baba mdogo, betri inakaribia kufa, na kila bao likiingia anaizima kidogo "ili ipumzike". Nilikuwa tayari kulia. Tangu siku hiyo rika langu limekuwa likiapa kwa Emmanuel Okwi na Felix Sunzu. Nami niliapa hivyo miaka mingi, mpaka nilipokaa nikatazama mabao yenyewe moja moja. Okwi alifunga mawili, la kwanza dakika ya pili tu, nalo lilikuwa tamu. Matatu yaliyobaki yote ni penalti. Moja akapiga Patrick Mafisango, Mungu amrehemu, alifariki kwa ajali ya gari siku kumi na moja tu baada ya mechi hiyo. Moja akapiga Sunzu. Na moja akapiga Juma Kaseja. Kipa!

Kwa hiyo kwa hesabu ya siku ile, Sunzu na golikipa wetu walikuwa sawa. Kama bao la siku ile ndilo linalofanya pacha, basi tuseme pacha bora ni Okwi na Kaseja, tuone watu watakavyocheka. Sunzu hakuwa mchezaji mbaya, Mzambia yule alikuwa mrefu, mtulivu, na nduguye Stoppila ndiye aliyepiga penalti iliyoipa Zambia Kombe la Afrika Februari mwaka huohuo. Familia ya penalti, naweza kusema. Lakini tulimpandisha cheo kwa sababu alikuwepo siku ya furaha. Na msimu huohuo wa 2011/12 tunaousifu, mfungaji bora wa ligi hakuwa wetu. Alikuwa kijana mmoja mrefu wa Azam, mabao 19, anaitwa John Bocco.

Mnaona ninapoelekea. Bocco tulimchukua mwaka 2017, na hapa ndipo ninapotaka kugombana na ndugu zangu wa Msimbazi, maana yule aliyezomewa kijiweni kwa kutaja Okwi na Bocco ndiye pekee aliyekuwa na kitu cha kuonyesha.

Msimu wa 2017/18 Okwi alifunga 20 na Bocco 14. Ubingwa ulirudi Msimbazi baada ya kukaa kwa watu miaka mitano. Mechi ya kwanza tu ya msimu, Agosti 26, 2017, tuliipiga Ruvu Shooting 7-0, Okwi manne peke yake. Watu waliimba Okwi mpaka asubuhi. Haki yake. Lakini waliokuwa wanatazama mpira badala ya kutazama mpira ulipo waliona kazi ya yule mrefu. Bocco anasimama na mgongo kwa goli, beki wa kati mmoja amemkumbatia, wa pili anakuja kusaidia kwa sababu akimwacha mwenzake peke yake atapigiwa kichwa, na pale katikati ya beki wa pili na beki wa pembeni panafunguka mlango. Okwi alikuwa anaingilia mlango huo kila wiki. Mlango hauna makofi. Anayepigiwa makofi ni aliyepita.

(Kwa haki tu: siku Rais Magufuli alipokuja kutukabidhi kombe, Mei 2018, tulikuwa hatujafungwa msimu mzima, tukafungwa 1-0 na Kagera Sugar mbele yake. Okwi akapewa penalti ya kusawazisha, ikadakwa. Na nani? Juma Kaseja, wakati huo yuko Kagera. Mpira una kumbukumbu kuliko sisi.)

Msimu uliofuata akaja Meddie Kagere. Na hadithi yake ya kuja inafundisha kitu kuhusu pacha. Juni 2018 tulicheza fainali ya SportPesa kule Nakuru na Gor Mahia. Tukapigwa 2-0, moja Kagere, moja Jacques Tuyisenge. Wanyarwanda wawili, kila mmoja anajua mwenzake atageukia upande gani. Muulize shabiki yeyote wa Gor atakuambia. Sisi tulichofanya ni kumnunua mmoja wao, yaani tulivunja pacha ya watu tukachukua nusu. Kawaida nusu haifanyi kazi peke yake. Huyu alifanya, kwa sababu alimkuta Bocco amesimama palepale, mgongo kwa goli.

Kagere akamaliza 2018/19 na mabao 23, amefunika jicho moja kwa mkono kila akifunga, watoto wote wa Dar wanamwiga. Bocco 16. Okwi 15. Januari mwaka 2019 nilikuwa Uwanja wa Taifa, wakati huo haujaitwa Benjamin Mkapa, tulipoipiga JS Saoura ya Algeria 3-0, Okwi moja na Kagere mawili, na mwaka huo tukafika robo fainali ya Afrika. Bocco hakufunga siku hiyo, na nyuma yangu kulikuwa na jamaa aliyekuwa akimtukana. Tunaongoza 3-0 dhidi ya Waarabu, na yeye anamtukana Bocco! Mwaka 2020/21 huyohuyo anayetukanwa akawa mfungaji bora wa ligi, mabao 16. Bado kijiweni ukimtaja unazomewa. Kosa lake ni nini? Hakufunga matatu siku ya mtani, basi.

Nikafikiri nimeshapata jibu langu. Bocco na Kagere, mabao 39 ya ligi katika msimu mmoja. Namba hizi si za kuambiwa kwa simu, zilihesabiwa wiki kwa wiki na kila mtu aliziona. Nikataka kuandika kwa wino mwekundu: hii ndiyo pacha bora. Halafu, kwa sababu ya ile aibu ya daladala, nikajilazimisha kufanya kitu ambacho shabiki hafanyi. Nikapima na ya jirani.

Msimu wa 2015/16 Yanga walikuwa na Amissi Tambwe na Donald Ngoma. Tambwe 21, Ngoma 17. Jumla 38. Bocco na Kagere 39. Tumeshinda kwa moja, eti? Nilishangilia kama dakika moja. Kisha nikakumbuka kwamba 2018/19 ligi ilikuwa na timu 20, yaani mechi 38, na 2015/16 timu zilikuwa 16, mechi 30. Sasa gawanya mwenyewe. Sisi tulipata bao moja na kidogo sana kwa mechi. Wao walikaribia bao moja na robo na ushee. Hata Okwi na Bocco na mabao yao 34 katika mechi 30 hawawafikii.

Imeniuma kuandika aya hiyo kuliko mnavyodhani. Najua mtu atasema tuongeze mabao ya Okwi, tuwe watatu. Watatu si pacha, na wao wangetuletea wa tatu wao. Najua mwingine atasema kuzunguka timu 20 kuna uchovu wake. Sawa, leta hoja, lakini leta na mechi zako, tukae tuhesabu. Huko ndiko ninakotaka twende! Bishaneni nami kwa karatasi.

Na donda lenyewe lina chumvi. Tambwe alikuwa wetu. Alikuja Msimbazi 2013 kutoka Burundi, msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa ligi, mabao 19. Desemba 2014 tukamwacha. Hatukumuuza, tulimwacha, kama mtu anavyoacha kandambili msikitini. Yanga wakamwokota. Februari 20, 2016 akatufunga pamoja na Ngoma, moja huyu moja yule, 2-0. Sasa jiulize, uongozi wenye daftari, unaofungua na kuona kwamba huyu mtu katika mechi alizocheza amefanya hivi na hivi, na akicheza na fulani anafanya zaidi, ungemwacha? Tambwe hakuwa mtu wa chenga. Hakuwa na mbwembwe za Okwi. Alikuwa anasimama kwenye sita akisubiri makosa ya watu. Watu wa aina hiyo wanaonekana kwenye karatasi tu, machoni hawaonekani, na sisi karatasi hatuna. Yanga nao wasicheke sana, mwezi huohuo walimwacha Hamisi Kiiza, akaja kwetu msimu wa 2015/16 akafunga 19. Tulibadilishana mali kwenye giza.

Mzee mmoja wa kijiweni nilipompelekea hesabu zangu aliniambia: "Mwanangu, mpira si duka la Mhindi. Mpira ni macho." Namheshimu, na nusu ya anachosema nakikubali. Hakuna karatasi itakayokuambia Kibadeni alipokuwa anaugusa mpira uwanja ulikuwa unanyamaza vipi. Hilo ni lake, alikuwepo, mimi sikuwepo. Lakini macho yanakufa, mzee wangu. Kulagwa ametangulia. Wangapi kati ya waliomwona akifunga Zambia wamebaki? Na waliobaki, tukiwauliza swali la namba, watatupa namba, kwa sababu mtu mzima hajibu sijui. Sisi waandishi ndio tunaowalazimisha waseme uongo, halafu tunauchapa.

Wapo watakaosema huku kuhesabu ni mambo ya Wazungu. Haya, nenda kijiwe chochote cha Manzese au Tandika usiku wa ligi ya Uingereza, mkamate kijana aliyezaliwa mwaka 2000, muulize Andy Cole na Dwight Yorke walifanya nini msimu wa 1998/99. Atakuambia! Mabao 53 kwa pamoja mashindano yote, Yorke 29, Cole 24. Hakuwepo duniani, lakini anaijua pacha ya Manchester hadi mabao ya mwisho. Mpeleke kwa Thuweni na Kulagwa, anakuuliza hao ni wanamuziki? Hiyo si kasumba tu, tusijitetee kirahisi. Yule wa Manchester alihesabiwa na mtu aliyelipwa kuhesabu, siku ileile, na mtu mwingine akakitunza kile kitabu. Wetu alihesabiwa na kijiwe.

Klabu nazo zinanichefua. Klabu iliyoanza mwaka 1936, ina wanachama nchi nzima, inauza jezi, inajaza uwanja. Ukitaka kujua inadaiwa nini na nani utapata. Ukitaka kujua nani aliifungia mabao mangapi mwaka 1978, unaelekezwa kwa mzee fulani anayekaa Ilala. Kila siku ya Simba tunawaita wazee jukwaani, tunawavisha jezi mpya zisizowatosha, tunawapigia makofi na kuwarudisha nyumbani. Hakuna hata mmoja anayekalishwa chini na kalamu mbele yake, miezi mitatu, mechi kwa mechi, huku magazeti ya zamani yako pembeni ya kumkumbusha.

Maana magazeti yapo. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Uhuru lilikuwa likitoka miaka yote hiyo, Daily News lilikuwepo, na waandishi waliotutangulia walikwenda uwanjani, wakaandika dakika na mfungaji, wakatimiza wajibu wao. Wiki iliyopita niliingia maktaba moja, sitaitaja, nikaomba jalada la katikati ya mwaka 1977. Nikaletewa, vumbi tupu, nikakohoa mpaka dada wa kaunta akanipa maji. Nikafungua moyo ukidunda. Kurasa za nyuma kadhaa zilikuwa na madirisha. Mtu amekata kwa wembe, taratibu, kwa upendo kabisa, picha na habari za mechi. Shabiki huyo. Mwenzetu. Pengine alikwenda kuzibandika ukutani chumbani kwake Magomeni, na mvua ya mwaka fulani ikazila zote. Nilikaa pale nikitazama tundu la gazeti, na upande wa pili wa tundu nikaona tangazo la sabuni.

Alichokata yeye mara nyingi ni mechi kubwa. Mechi ndogo kaziacha. Habari za aya mbili mbili, Simba imeshinda mbili bila, wafungaji fulani na fulani, ziko salama kwa sababu hakuna aliyezipenda. Nilizisoma mpaka walipozima taa. Katika siku moja nilipata mabao ambayo hakuna mtu kijiweni aliyenitajia. Sitayaweka hapa leo, nataka nihakikishe kila moja kwenye gazeti la pili kabla sijafungua mdomo. Nimeshaungua mara moja.

Ukurasa wangu wa masahihisho mhariri amesema haiwezekani, eti hakuna aliyelalamika. Kweli, hakuna. Ndiyo maana nimeuandikia huku.

Jumatano ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nimenunua daftari la kaunta, nimelichora mistari: tarehe, mpinzani, uwanja, mfungaji, dakika, aliyetoa pasi kama imeandikwa. Naanza na Januari 1977, nashuka. Mzee wangu wa ile namba nimemwambia, amekubali tuongozane. Amesema atakuja na miwani yake na atanunua nauli mwenyewe, ila kwa sharti moja: tukikuta idadi aliyonitajia ilikuwa kubwa mno, nisimcheke mbele ya dada wa kaunta.